Mtego wa Nguruwe Mbwera: Nani Auruhusu, Nani Aulinde?

Mpunga unapoanza kutunga punje, Mbwera hailali. Mchana adui ni ndege, na wanaoamia ni watoto na mama zao. Jua likizama, zamu ni ya nguruwe pori. Hapa mto Rufiji umekwisha kugawanyika mikono mingi ukiitafuta bahari mkabala na Mafia, na shamba laweza kuzungukwa na mikoko pande tatu na mkondo wa maji upande wa nne. Maji hayamzuii nguruwe, maana anaogelea vizuri. Kundi likiingia saa nane za usiku, kile walichokula ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni mpunga uliolazwa, uliokanyagwa na kufukuliwa, hata asubuhi mwenye shamba hajui aanze kuokoa wapi.

Mtu afanye nini? Jibu linalosemwa hadharani ni kulinda. Jibu linalofanyika kimyakimya ni waya. Waya wa breki ya baiskeli, au nyuzi za chuma zilizotolewa katika tairi lililochomwa, hufungwa kitanzi na kutegwa penye njia ya mnyama. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kitanzi hicho. Inakataza pia rima, wavu, sumu, moto, taa ya kumulikia wanyama usiku na bunduki ya kutegwa, isipokuwa mtu awe na ruhusa ya maandishi. Hata kuwinda kwa mbwa, hata kujenga uzio wa kunasia, kunahitaji karatasi hiyo.

Sauti zinazofuata nimezitunga mimi. Hazina mtu mmoja anayejulikana nyuma yake, lakini hoja zake ni za kweli, na kila moja nimejaribu kuipa nguvu yake yote. Nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza, kwa kuwa katika jambo hili nina upande.

MKULIMA: Nianze mimi, shamba ni langu. Huko kulinda mnakokusema kuna gharama isiyoandikwa popote. Mpunga ukishachanua mtu anahamia dunguni, kibanda cha juu ya nguzo, mpaka mavuno. Mume akienda kuvua kamba, mke anabaki juu ya dungu na watoto. Mtoto wa shule anakesha na debe mkononi, asubuhi anasinzia darasani, na mwalimu anamwona mvivu. Unapiga debe, unawasha moto, unapiga kelele. Nguruwe anarudi nyuma hatua chache tu, anasimama kichakani, anakungoja usinzie. Mimi sikusomea sheria. Ninachokiona ni kwamba anayekula mpunga wangu hana kesi, na mimi nikimtegea ninayo.

ASKARI WA WANYAMAPORI WA KIJIJI: Ndugu yangu, haki ya kutetea mpunga wako hukunyimwa. Mnyama akikuvamia, au akikutwa anaharibu mali, ukamuua katika kujitetea, sheria haikuhesabii kosa, mradi hukumchokoza wewe na umetoa taarifa. Mzoga ni wa serikali, hilo nalo ulijue. Lakini kutetea maana yake wewe upo pale. Waya unafanya kazi wewe ukiwa umelala kwako. Hujui umeshika nini, hujui tangu lini.

MKULIMA: Umeshika nguruwe. Nimeutega kwenye njia ya nguruwe.

ASKARI: Njia hiyohiyo anapita paa. Anapita fungo, anapita mbwa wa jirani yako, na siku hizi anapita ndama wa mfugaji. Hakuna njia porini iliyoandikwa jina.

Hapo kwa ndama pana habari ndefu nitakayoigusa tu. Wafugaji walioondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 walielekezwa Rufiji, Kilwa na Lindi, pamoja na ng'ombe wao. Tangu hapo mkulima na mfugaji wa huku wanatazamana kwa wasiwasi. Ndama akikutwa amekatika mguu kwenye kitanzi kisichojulikana mwenyewe, hakuna baraza la kijiji litakalomaliza ugomvi huo kwa jioni moja, kwa sababu kila mkulima wa jirani ni mshukiwa.

TABIBU: Na bado mnazungumzia ndama. Niwaambie ninayoyaona mimi mezani pangu. Nguruwe aliyenaswa mguu hafi upesi. Anazunguka, anavuta, anajikata mpaka mfupani, na anazidi kuwa mkali. Mtu anakuja asubuhi na panga akidhani kazi imebaki ndogo. Meno ya chini ya nguruwe yamenolewa na ya juu kila anapofunga kinywa. Yanapasua paja, na pajani kuna mshipa mkubwa wa damu. Sasa mtu huyo yuko Mbwera. Kutoka hapa kwenda Nyamisati ni boti, na boti inangoja maji yajae. Kutoka Nyamisati kwenda Kibiti au hospitali ya Mchukwi ni gari, kama liko. Jeraha ambalo mjini lingeshonwa, hapa linaweza kuua kwa sababu maji yamekupwa.

MKULIMA: Daktari, mimi sijawahi kumsogelea nguruwe akiwa mzima.

TABIBU: Wewe hujawahi. Mwanao je, akiukuta mtego kabla yako?

MSASI MZEE: Naomba na mimi niseme, wanangu. Nyinyi mnabishana juu ya waya kana kwamba ndio uwindaji. Sisi tulikuta wazee wanawinda kwa nyavu. Wavu ni kazi ya watu wengi. Hawa wanaswaga kutoka kichakani, hawa wamekaa pembeni na mikuki, mbwa wanabweka, na kila mmoja anajua mwenzake yuko wapi. Mnyama akiingia wavuni anakufa palepale. Akiwa si yule mliyemtaka, mnamwachia. Mkimaliza mnakunja wavu wenu mnaondoka nao, hakibaki kitu porini cha kumdhuru mtu kesho. Waya mmeuleta nyinyi, kwa sababu ni wa mtu mmoja, haumhitaji jirani.

ASKARI: Mzee wangu, shikamoo kwanza. Wavu nao umekatazwa.

MSASI MZEE: Marahaba. Najua umekatazwa. Niulize umekatazwa lini.

MWALIMU: Nitamjibia mzee. Umekatazwa zamani kuliko umri wa yeyote aliye hapa. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa koloni la Wajerumani, na kati ya hifadhi mbili za kwanza alizozitenga, moja ilikuwa upande wa Kilimanjaro na nyingine huku Rufiji. Kutokana na hii ya Rufiji ndipo baadaye ikatokea Selous, na sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Makatazo yakaongezeka, na wavu wa kijiji ukawa kosa. Wakati huohuo wanaume walikuwa wanapelekwa vibaruani na kwenye mashamba ya pamba. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 juu ya Uzaramo, jirani zetu wa kaskazini, akaonyesha kilichofuata: nguruwe waliongezeka, chakula kikapungua, na wanawake wakabaki peke yao na mashamba. Anaihesabu hali hiyo miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Majimaji mwaka 1905. Sisi shuleni tunafundisha pamba, kodi na kiboko cha akida. Nguruwe hatumtaji. Na dawa ya maji ilitoka Ngarambe, hapahapa Rufiji.

ASKARI: Mwalimu, usinifanye mimi kuwa akida.

MWALIMU: Sikufanyi hivyo, mdogo wangu. Nasema tu kwamba katazo bila msaada si jambo geni huku, na watu wanakumbuka hata wasichokisoma.

Katika yote niliyoyasoma juu ya nguruwe pori hakuna lililonikaa kama hilo. Tumezoea kumwona nguruwe kama kero ya mkulima mmoja na shamba lake. Kumbe kero hiyo ikiachiwa mtu mmoja mmoja, huku njia ya pamoja ya kuikabili imeondolewa, inageuka kuwa jambo la utawala. Msasi mzee ameliona bila kitabu: wavu ulikuwa wa kijiji kizima, waya ni wa mtu na siri yake.

BIBI: Mwalimu amesema wanawake walibaki na mashamba. Hawajaondoka mpaka leo. Mimi nimeolewa Mbwera, lakini kwetu ni huko juu, bondeni. Nilikuwa msichana wakati wa ile operesheni ya mwisho wa miaka ya sitini, mafuriko yalipokuja serikali ikawatoa watu bondeni na kuwapanga vijijini juu kwenye mchanga. Nyumba zilihama, mashamba hayakuhama. Ndiyo sababu watu wa kwetu waliendelea kushuka na kulala madunguni. Sasa nyinyi mnamzungumza nguruwe kana kwamba anakuja peke yake. Hakuna anayemkumbuka simba?

ASKARI: Wa mwaka 2004?

BIBI: Huyo walimpa jina la Osama. Alianza mwaka 2002, mwezi wa nane. Mpaka anauawa Aprili 2004 alikuwa amemaliza watu 35. Kulikuwa na watu waliochukuliwa dunguni, wengine nyumbani, wengine njiani. Ndugu zangu huko walikuwa hawatoki baada ya magharibi, na mpunga uko shambani unaliwa. Ukienda kulinda, unaliwa wewe. Usipokwenda, unaliwa mpunga, na mwaka ule unalala njaa.

MWALIMU: Na bibi hajakosea kuwaweka pamoja. Mwaka 2005 wanasayansi wanne, Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir, walitoa utafiti katika jarida la Nature. Walihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, na yalikuwa mengi zaidi pale ambapo swala na wanyama wengine wa kuliwa wamekwisha, wakabaki nguruwe pori. Nguruwe anafuata mahindi na mpunga, simba anamfuata nguruwe, na shambani wote wawili wanamkuta binadamu amelala kwenye kibanda cha miti na makuti.

BIBI: Basi anayeniambia nilinde tu, aje alale dunguni kwangu mwezi mmoja wa masika.

Hakuna aliyemjibu, na mimi sina jibu la kumpa. Kila ninaposikia wakulima wa huku wakihimizwa "kuimarisha ulinzi wa mashamba", ninamwona anayelala juu ya nguzo nne na mtoto ubavuni. Ulinzi huo una mwili, na kwa kawaida ni mwili wa mwanamke.

ASKARI: Bibi, nimekusikia, na mimi ni mjukuu wa walewale. Lakini zipo njia ambazo si waya wala si kulala nje. Watafiti haohao walishauri kuchimba mahandaki kuzunguka mashamba ili nguruwe asiingie. Ipo ya kufyeka vichaka vilivyogusana na shamba, asipate pa kujificha. Ipo ya kupanda kwa pamoja, shamba na shamba, ili ulinzi ugawanywe.

MKULIMA: Handaki bondeni juu, sawa. Hapa Mbwera ukichimba mpaka magotini unakuta maji. Bamvua likija handaki lako ni mfereji wa samaki, na nguruwe anaogelea.

ASKARI: Basi uzio.

MKULIMA: Uzio wa miti gani? Mti ulioko hapa ni mkandaa, msinzi na mchu. Nikikata fito za mikoko bila kibali, wa misitu atanikamata kabla hujanikamata wewe. Na shamba lenyewe nisiseme sana, kwa sababu lipo katika ugomvi wa siku nyingi: wao wanasema liko ndani ya msitu wa hifadhi, sisi tunasema babu zetu walilima hapa. Kwa hiyo nguruwe analindwa, mkoko unalindwa, na mimi ninayelala katikati yao nalindwa na nani?

ASKARI: Kuna kifuta jasho.

MKULIMA: Soma hesabu yake mbele ya watu.

ASKARI: Kanuni za mwaka 2011 zilipanga shilingi 25,000 mpaka 100,000 kwa ekari, kulingana na umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi, na mwisho ulikuwa ekari tano. Lakini ni kanuni za madhara ya wanyama hatari, kama tembo, kiboko, mamba, simba.

MKULIMA: Na nguruwe?

ASKARI: Nguruwe hayumo.

Naiheshimu kazi ya askari huyu, na naujua ugumu wake: ni kijana wa kijiji anayetakiwa kuwakatalia majirani zake jambo ambalo mama yake mwenyewe analihitaji. Lakini hapo kwenye kifuta jasho hoja ya serikali inakatika, na haifai kuifunika. Kama nguruwe si mnyama mkali wa kutosha kulipiwa, basi asiwe mnyama mtukufu wa kutosha kumfunga mtu aliyemtegea kwa uwazi katika shamba lake.

Nimesema kwa uwazi, na hapo ndipo upande wangu ulipo. Anayejua kwamba waya wake utamfikisha mahakamani hauonyeshi kwa mtu yeyote. Haweki alama. Hamwambii jirani, hatangazi msikitini, hawaonyi watoto wa shule. Akishikwa na homa siku tatu hakuna wa kwenda kuutazama kwa niaba yake. Akisafiri, waya unabaki. Mtego uliofichwa askari asiuone umefichwa pia mtoto asiuone, na hatari yake kubwa inatoka hapo. Serengeti tangu mwaka 2017 kuna vikosi vya kutembea porini kung'oa nyaya, na vimekusanya makumi ya maelfu. Kila waya ulikuwa na mwenyewe aliyeujua peke yake.

MSASI MZEE: Tuseme basi mtego unaoonekana. Upo?

MWALIMU: Upo, na hauhitaji maajabu. Huko Texas, Marekani, nguruwe waliotoroka mabandani wamekuwa balaa la mashamba, na wakulima wanawanasa kwa mazizi. Unajenga zizi imara lenye mlango wa kuanguka. Usiku wa kwanza mpaka wa kadhaa unaacha mlango wazi umeufunga juu usianguke, ndani umetia muhogo, maembe yaliyooza, pumba. Kundi linazoea. Likishaingia lote bila woga, ndipo unautega mlango. Ukiwa na pupa ukanasa wawili, waliobaki wamejifunza, na hutawapata tena kwa njia hiyo.

MSASI MZEE: Hilo ni kweli. Nguruwe ana akili. Jike likipona mtego mara moja, watoto wake wote ni wanafunzi.

MKULIMA: Na miti ya zizi? Tumerudi kwenye mikoko.

BIBI: Minazi mizee iliyokoma kuzaa imejaa kijijini. Pasueni mbao za mnazi. Mnawapasulia watu wa mjini, jipasulieni na nyinyi.

TABIBU: Mkijenga, sikilizeni na mimi. Zizi litazamwe kila alfajiri, bila kukosa siku moja. Mtu asiingie ndani, asipitishe mkono, asimwonyeshe mtoto. Mnyama yeyote aking'ata au kukwaruza mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano nzima, kisha aje kwangu siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, hakuna hospitali Tanzania wala ng'ambo inayoweza kuahidi kumponya. Na jambo la mwisho, sumu. Kuna wanaochanganya dawa ya wadudu na pumba. Sumu hiyo inaua mbwa, inaua tai anayekula mzoga, na mvua ikinyesha inaingia mkondoni kwenye kamba na samaki mnaowauza na kuwala.

BIBI: Na wezi wadogo? Kicheche, fungo, kanu. Wao hawaji shambani, wanakuja bandani kwangu, na kuku ndiyo benki yangu.

TABIBU: Wao dawa yao ni banda, bibi. Liinue, liweke sakafu ya mbao, funga matundu yote anayoweza kupenya, na kuku waingie kabla ya magharibi. Kumkamata mmoja na kumwachia ng'ambo ya mto ni kumpelekea mwenzio mwizi wako. Na kicheche anayetembea mchana bila woga wa watu usimguse kabisa, mwite askari.

BIBI: Banda nitalijenga. Sasa nirudi kwa nguruwe. Mkishamfungia zizini atakufa kwa nini, kwa njaa? Hadithi ya yule mwanamke aliyemfungia paka tunaifahamu sote. Hakumlisha, hakumwachia akajitafutie, paka akafa, na yeye akaingia motoni kwa ajili ya paka. Nguruwe kuwa haramu kwangu hakunipi ruhusa ya kumtesa.

MSASI MZEE: Bibi umenena. Atakufa alfajiri, kwa mkono wa mtu anayejua, mara moja.

ASKARI: Kwa bunduki?

MSASI MZEE: Bunduki mnazo nyinyi. Gobole langu nililisalimisha.

Hapa panahitaji uangalifu, na mtu wa nje anaweza asielewe kwa nini wote walinyamaza. Mwaka 2017 Kibiti ilipitia mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi, na usiku wa wilaya hii ulibadilika. Mtu mwenye silaha kichakani baada ya giza si mwindaji tena machoni pa mtu yeyote. Ushauri wa "wapeni wakulima bunduki" unaosikika kwingineko, hapa haufai hata kuanza kuzungumzwa.

ASKARI: Anayeua awe aliyetajwa kwenye kibali, na iwe mchana. Lakini nami nina hofu yangu, na leo nitaisema. Nyinyi hapa hamli nguruwe. Wapo wanaomla, na wapo wanaomnunua. Siku nyama itakapopata bei, zizi la kulinda mpunga litakuwa zizi la biashara. Litajengwa mahali pasipo na shamba. Kisha litanasa na wasio nguruwe, na kibali ndicho kitakuwa kinga yao. Nimeona kibali cha mti mmoja kikivusha mashua nzima ya magogo.

MWALIMU: Hofu hiyo ni ya haki.

TABIBU: Na ina upande wa ugonjwa. Nguruwe pori anabeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila yeye kuugua, lakini nguruwe wa kufugwa wakivipata wanakufa zizi zima, na tiba hakuna. Nyama hiyo ikisafiri kwenda kwa wafugaji wa nguruwe, Mbwera itakuwa imewafilisi watu wasioijua. Mzoga uzikwe. Na usitupwe mkondoni, mtawaita mamba penye akina mama wanaochota maji.

MKULIMA: Sawa. Hakuna nyama, hakuna kuuza. Mimi sitaki nyama yake, nataka mpunga wangu. Andika hivyo.

Naliona hilo kuwa ndilo jambo la kuandikwa, na liandikwe na kijiji kabla halijaandikwa na mtu mwingine. Sheria yenyewe imeacha mlango: mbinu hizo zimekatazwa pasipo ruhusa ya maandishi, maana yake ruhusa inawezekana. Tatizo ni kwamba ruhusa ya aina hiyo haikuundwa kwa ajili ya mwanamke wa Mbwera mwenye ekari moja na nusu, ambaye kwenda na kurudi Kibiti kunamla siku mbili na nauli ya boti. Lakini kijiji kinaweza kuiomba. Serikali ya kijiji, kwa muhtasari wa mkutano mkuu, kupitia afisa wanyamapori wa wilaya mpaka kwa mamlaka inayohusika, iombe kibali cha msimu mmoja chenye idadi ya mazizi, mahali pa kila zizi, mnyama anayelengwa, majina ya watazamaji wa zamu, jina la anayeua na mahali pa kuzika. Daftari likae ofisi ya kijiji, kila alfajiri liandikwe kilichokutwa, hata kama hakikukutwa kitu. Asiyelengwa afunguliwe mlango palepale. Mavuno yakiisha milango ing'olewe.

Itasemwa kwamba hayo ni mengi kwa kijiji kimoja. Mbona kijiji hicho kinaendesha zamu za kisima, zamu za msikiti na ratiba ya boti inayofuata maji kujaa na kupwa bila kukosea? Uwezo upo. Kisichokuwapo ni mtu wa kuwaambia kwamba wanaruhusiwa kuutumia kwa hili.

ASKARI: Niulize swali moja la mwisho. Nani atalala karibu na zizi?

MKULIMA: Nalala pale sasa hivi. Dungu langu liko hatua hamsini.

BIBI: Tofauti ni kwamba nguruwe watakuwa ndani, na mimi nitalala nyumbani siku zisizo zamu yangu. Hilo peke yake lanitosha kuweka dole gumba kwenye barua.

MSASI MZEE: Na vijana wajue mimi nitawafundisha kusoma njia zao. Mkijenga zizi pasipo njia, mtalisha ndege.

ASKARI: Barua nitaibeba mwenyewe mpaka Kibiti. Ila nina sharti. Nyaya zote zilizoko porini ziletwe ofisini kwanza. Siwezi kusimama mbele ya afisa nikaomba mazizi wakati kichakani kumejaa vitanzi.

MKULIMA: Zitaletwa kibali kitakapofika.

ASKARI: Kabla.

MKULIMA: Kabla, halafu kibali kikichelewa mpaka mavuno? Mpunga haungoji mhuri, afande.

ASKARI: Na mtoto akinaswa wiki hii, barua nitaipeleka kwa nani?

MKULIMA: Zile zilizoko njia ya kisimani nazitoa kesho asubuhi, njoo uhesabu. Za ng'ambo ya mkondo nangoja karatasi.